Harufu ya Bitoyo

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 1 Juni 2021

Assalaam alaykum, baba,

Kasonde, mbeba barua zetu, amesimamisha lori mbele ya lupango, ua wetu, na anasema hana muda. Mama amempa bukari, ugali wa moto, kwa hiyo muda umepatikana. Nitaandika mpaka amalize sahani. Tangu simu yako ianguke ziwani huko Pweto nimekuwa na mengi ya kukuambia, na ukweli ni kwamba hata kama isingeanguka nisingeyasema. Kwenye simu maneno yananikwama. Kwenye karatasi yanajipanga.

Habari kubwa ni hii: hospitali ya Nairobi imejibu. Mama atapasuliwa shingo tarehe 28 mwezi huu. Shangazi Yasmine, dada yako aliye huko, alikwenda kuwaona mwenyewe, ndipo wakampa tarehe. Ndege ni Ijumaa tarehe 25. Daktari wa hapa amerudia maneno yake ya mwezi uliopita, kwamba uvimbe umeanza kubana njia ya hewa na kwa vyombo alivyo navyo hawezi kuugusa. Mama halali tena chali. Analala ameketi, mito mgongoni, na mimi kwenye kitanda cha pembeni nasikiliza pumzi yake inavyopiga filimbi. Filimbi ikinyamaza, naamka. Hili sijamwambia mtu.

Sasa kuna jambo la kipimo. Kenya haimpokei msafiri wa ndege asiye na karatasi ya kipimo cha korona, na karatasi yenyewe haitakiwi kupita siku nne. Ukipima mapema inazeeka, ukichelewa majibu yanatoka ndege imeshapaa. Mama anasema karatasi hii ni kama samaki mbichi, ina siku zake. Tutakwenda maabara ya mjini Jumanne tarehe 22.

Jambo la pili ni nguo. Unajua stoo ya bitoyo, samaki wako wakavu, imepakana ukuta na chumba chetu. Mama hataki kuketi kati ya watu wageni ndani ya ndege akinuka samaki wa chumvi. Atafua nguo zote za safari kwa sabuni na ndimu, atazianika kwa Mama Hortense, jirani yetu, mbali na magunia, halafu mimi nitazinusa moja moja kabla hazijaingia kwenye sanduku. Aliniambia, "We njo uko na pua."

Ni kweli, mimi ndiye mwenye pua. Hakuna anayeijua harufu hiyo kama mimi. Shuleni Princesse, tunayeketi naye dawati moja, ananiita Mademoiselle Bitoyo, na kila asubuhi anasogea mpaka ukingoni. Sare yangu nailaza ndani ya mfuko wa plastiki. Barua zako nazo nazisomea nje, kwa sababu zinakuja zimeshanuka. Nisamehe.

Kasonde analamba vidole.

Binti yako,
Rachida


Pweto
Tarehe 6 Juni 2021

Kwako, mama yangu mdogo,

Nilitaka kukugombeza kwa lile neno la kusomea barua zangu nje. Halafu nikakumbuka kwamba nilikupa jina la mama yangu mzazi, na mama hagombezwi. Soma popote unapotaka.

Nimefurahi kwa tarehe ya Nairobi. Nimefurahi na nimechoka, vyote kwa pamoja. Upepo wa ziwa mwaka huu ni mkali, wavuvi wanarudi na mitumbwi miepesi, na samaki wachache wanaopatikana wanagombaniwa kabla hawajakauka. Sitaweza kufika kumsindikiza mama yako. Nikiondoka sasa, vichanja vyangu vya kukaushia samaki vitapata bwana mwingine. Mwambie hivyo, lakini utafute maneno mazuri kuliko haya.

Huyo Princesse, muulize siku moja kwao wanakula bukari na nini. Usimuulize kwa sauti. Najua hutamuuliza kabisa. Muulize moyoni, inatosha. Bitoyo ndiyo iliyokusomesha.

Kasonde anaondoka na kikohozi. Anasema ni vumbi la barabara, na kweli kiangazi hiki vumbi ni jingi. Akifika mpe chai ya moto na tangawizi. Mtu anayebeba barua zetu asilale na njaa nyumbani kwangu.

Mlinde mama yako. Mimi niko mzima.

Baba yako,
Yuma


Katuba
Tarehe 18 Juni 2021

Assalaam alaykum, baba,

Leo nina habari njema, tena yangu mwenyewe, na hiyo si kawaida.

Harufu imeisha.

Sijui nikueleze namna gani. Jumatano niliamka, nikatoka, nikapita mbele ya stoo bila kubana pumzi. Nilifika hadi kwenye bomba la maji ndipo nikagundua kwamba sikubana. Nilirudi. Nilisimama mlangoni pa stoo, magunia yote yako mbele yangu, na hewa ilikuwa hewa tu. Miaka yote hii mama amekuwa akiniambia, "Utazoea," nami nilidhani ni maneno ya kunituliza. Kumbe mtu huzoea kweli, tena kwa siku moja. Sare yangu nimeitoa kwenye plastiki. Shuleni Princesse bado anasogea ukingoni, lakini nadhani kwake sasa ni desturi tu.

Kasonde alifika wiki iliyopita na barua yako. Nilimpa chai ya tangawizi kama ulivyoagiza na akala nasi, ingawa alikohoa sana na kula alikula kidogo. Aliniachia bukari yake, akasema niimalize ili niwe daktari haraka. Siku chache baadaye nilishikwa na baridi, mwili ukauma kidogo, kichwa pia. Watu wote wa mtaa wana mafua, ni upepo huu wa Juni. Mama alinifunika blanketi lake na kunikanda miguu kwa maji ya moto. Ilipita upesi. Nilikosa shule kidogo tu, na nikapata muda wa kumaliza kitabu cha jiografia.

Kazi ya nguo nimeimaliza. Nimenusa kila kitu: vitenge, sweta, soksi, hata kitambaa cha kujifunga kichwani. Hakuna kinachonuka. Mama aliniuliza mara mbili, nikamwapia. Kwa kuwa chumbani vumbi linaingia na stoo haina dirisha, nimeliweka sanduku huko, juu ya rafu. Hapo nguo zitabaki safi mpaka siku ya ndege.

Mama anahema vibaya zaidi kuliko nilipokuandikia. Akipanda ngazi ya Mama Hortense anasimama katikati na kujifanya anatazama maua. Mama Hortense naye anajifanya anamwonyesha maua. Lakini ni siku chache tu zimebaki. Mama amejifunza kusema "hospitali iko wapi" kama watu wa Nairobi wanavyosema, na kila akilisema anacheka, kwa sababu ni vile vile tunavyosema sisi.

Kasonde bado anakohoa. Mwambie apumzike.

Binti yako,
Rachida


Pweto
Tarehe 22 Juni 2021

Mama yangu mdogo,

Soma barua hii peke yako. Isomee nje kama zile nyingine.

Kasonde amelazwa. Alifika hapa jana akiwa ameegemea usukani, na tukamshusha watu wawili. Kwenye kituo cha afya wamemwekea mtungi wa hewa. Muuguzi anasema ni ule ugonjwa. Aliwauliza maswali wote waliosafiri na Kasonde au waliokula naye, na swali moja lilikuwa hili: je, kuna mtu ambaye hasikii harufu tena?

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa nisikilize. Mimi si mtu wa kudanganya, unanijua. Lakini mama yako amengoja tarehe hii kwa muda mrefu, na shingo yake haingoji. Leo amepimwa. Ikiwa karatasi itasema ni mzima, basi ni mzima. Karatasi ndiyo inayopanda ndege, pua yako haipandi. Usimwambie chochote. Usimwambie Mama Hortense wala mtu wa shule. Lala jikoni, sema unasikia joto chumbani. Mama yako akishafika Nairobi mikononi mwa madaktari, mimi nitabeba lawama yote.

Wewe hupendi kusema. Safari hii hiyo ni neema.

Kasonde akiwa pale kitandani hana barua wala lori, kwa hiyo barua hii nampa Guelord, dereva wa lori la saruji. Amesema atafika Lubumbashi Alhamisi.

Baba yako,
Yuma


Katuba
Tarehe 26 Juni 2021

Baba,

Mama hakuondoka. Naandika hilo kwanza ili usisome kurasa zote ukiwa unamtafuta angani.

Jumanne tulikwenda maabara. Foleni ilikuwa ya kila aina ya watu, wafanyabiashara wanaokwenda Dubai, wahandisi wa migodi, bibi mmoja aliyevaa viatu vipya na kuvitazama muda wote. Mama alikuwa amefunika shingo kwa kitambaa. Muuguzi alimwambia ainue kichwa. Wewe unajua hawezi, akiinua uvimbe unamkaba. Muuguzi alirudia kwa Kifaransa, kana kwamba tatizo lilikuwa lugha. Nilitaka kumweleza na sauti haikutoka. Basi nilisimama nyuma ya mama, nikashika kichwa chake kwa mikono yangu, nikakiinua polepole, na kijiti kikapita puani. Machozi yalimshuka mpaka kwenye barakoa.

Jumatano majibu yalitoka. Négatif, hana ugonjwa. Mama aliibusu karatasi, akaiweka chini ya mto.

Alhamisi jioni Mama Hortense alikuja kutusaidia kufunga sanduku. Nililitoa stoo mimi mwenyewe. Alifungua, akainua kitenge cha juu akikipeleka kifuani kukikunja, halafu akasimama hivyo. Alikinusa. Akanusa sweta. Akatutazama.

"Mama Rachida, ni nani alinusaka hii manguo?"

Mama akasema ni Rachida.

"Basi mutoto wako hakupendi. Hii inanuka bitoyo tu. Bale ba ndeke batakuomba na bukari."

Walicheka wote wawili kwa wazo la abiria wa ndege kuomba bukari, mama kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Mimi nilichukua kitenge, nikakiweka usoni. Kilikuwa laini. Kilikuwa na ubaridi wa stoo. Zaidi ya hapo hakikuwa na kitu. Nilikwenda jikoni, nikanusa sabuni. Nikanusa kitunguu nilichokikata mwenyewe. Nikafungua chupa ya mafuta ya taa, na, baba, mafuta ya taa yalikuwa kama maji.

Kwenye mlango wa darasa letu kuna tangazo lililobandikwa tangu mwanzo wa mwaka, lenye dalili za korona. Kutosikia harufu kumo. Mimi ninayesoma hata maandishi ya kwenye sabuni nimepita mbele ya tangazo hilo kila asubuhi. Tulikuwa tumelizoea. Hilo ndilo tulilozoea.

Pale jikoni nilielewa kwamba nilikuwa mgonjwa, na kwamba muda wote huo nimelala pembeni ya mama, nikafunikwa blanketi lake, nikapumulia kila nguo atakayovaa. Karatasi ilisema kweli, lakini ilisema kweli ya Jumanne.

Kunyamaza kungekuwa rahisi. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Nilirudi chumbani wakiwa bado wanacheka, nikasimama mpaka wakaacha, nikasema, "Mama, sisikie harufu yoyote. Tangu ile homa."

Mama Hortense aliinua ncha ya kitenge chake, akaziba mdomo, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Hakuondoka. Alibaki pale mlangoni.

Mama alisema, "Karatasi inasema niko muzima."

Nilimwambia karatasi ilimpima Jumanne.

Sikujua kama amenikasirikia. Halafu aliinuka, akaenda stoo, akafungua lile gunia la mwisho aliloleta Kasonde, akainama akaingiza uso ndani. Alikaa hivyo kama mtu anayetafuta kitu kisimani. Nilisikia filimbi ya pumzi yake ikipiga ndani ya gunia. Akatoa uso, akatikisa samaki, akaingiza tena. Mwisho alilifunga kwa lile fundo ulilotufundisha, bila haraka.

"Sisikie kintu," alisema. Na baada ya hapo, "Toa manguo mu valise." Nikazitoa sandukuni.

Mama Hortense akamwambia kutokea mlangoni, kwa upole, kwamba anaweza kwenda tu. Karatasi anayo. Nani atajua? Ndeke haina pua.

Mama akajibu, "Ule daktari atatia mikono mu koo yangu. Naye iko na batoto."

Tulijaribu kukupata kwa namba ya tajiri wa kambi yenu ya wavuvi. Haikupatikana. Shangazi Yasmine amezungumza na hospitali ya Nairobi. Wamesema mama apone kwanza, ndipo watazungumza habari ya tarehe. Hawakusema lini.

Ijumaa tulisikia ndege ikipita. Pengine haikuwa ile. Mama hakuinua kichwa.

Leo ana homa.

Rachida


Katuba
Tarehe 29 Juni 2021

Baba,

Barua yako ya tarehe 22 imefika leo. Guelord anasema ekseli ya lori ilivunjika kwenye daraja baada ya Kilwa ya ziwani, wakakaa hapo wakingoja chuma kutoka mjini. Ameomba radhi kana kwamba ni kosa lake.

Nimeisoma nje. Umeniambia ninyamaze. Nilikuwa nimeshasema.

Mama aliniita kutoka ndani akauliza unasemaje. Nilimwambia unasema unamwombea. Sasa kuna kitu tunamficha, mimi na wewe, na mimi sikukiomba.

Anahema kwa shida. Daktari amekuja, amesema asisogezwe, aketi hivyo hivyo, apewe maji kidogo kidogo. Mama Hortense anaacha uji mbele ya mlango, anagonga, anakimbia, halafu anapiga kelele kutoka kwenye ngazi yake kwamba tusirudishe sahani chafu. Nimerudi kulala pembeni ya mama. Mimi tayari nimeugua, hakuna cha kuniambukiza. Nasikiliza filimbi. Usiku huu najua kuihesabu vizuri kuliko somo lolote la shule.

Nimejiuliza kama ningekuwa nimeipata barua yako Alhamisi, ningefanya nini. Nadhani ningekutii. Hilo ndilo linalonichosha zaidi ya mengine yote.

Na kama ningenyamaza, labda leo shingo yake ingekuwa imepona. Hilo nalo nalijua.

Kasonde anaendeleaje? Hujasema tena.

Rachida


Pweto
Tarehe 5 Julai 2021

Mama yangu,

Kasonde tulimzika Jumapili. Hakukuwa na kilio. Walikataza watu kukusanyika, tukasimama mbali mbali kama miti ya shamba, na mke wake, Deborah, hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Nilimjua Kasonde tangu hana mvi. Nimebeba mwili mwepesi kuliko gunia alilozoea kunibebea.

Barua zako zote mbili zimefika siku moja. Nilianza na ile ya pili kwa makosa, kwa hiyo nilisoma hukumu kabla ya kesi.

Sina la kujitetea. Nilipokuandikia, nilikuwa naona shingo ya mama yako tu. Sikumwona daktari. Sikumwona ambaye angeketi naye kiti cha pili ndegeni. Halafu nikasimama pale makaburini, nikaona mtu mmoja aliyekohoa kwenye sahani ya rafiki anavyoacha mke na nyumba. Kasonde hakujua. Mimi nilijua, na nilikuagiza wewe.

Maisha yangu yote nimeilaani barabara ya Kilwa. Imenivunjia magunia, imenilaza porini, imeoza samaki wangu. Leo naishukuru kwa lile daraja. Kama ingekuwa barabara nzuri, binti yangu angenitii.

Mwambie mama yako nilichoandika. Usikifiche kwa ajili yangu. Ukiona vigumu kusema, mpe barua yenyewe. Yeye ananijua, hatashangaa sana.

Ulinisema vizuri katika barua ile. Hukuniinulia sauti, lakini nilijisikia kama siku mama yangu aliponiketisha mkekani kunikanya. Jina linafanya kazi yake.

Nimeviacha vichanja. Nakuja na gari la kwanza litakalonikubali. Ikiwa nitawekewa kizuizi njiani, endelea kuandika, barua itanikuta.

Mama yako anahema?

Yuma, baba yako


Katuba
Tarehe 3 Agosti 2021

Assalaam alaykum, baba,

Sijui barua hii itakukuta umezuiwa Kilwa au Kasenga, kwa hiyo Guelord ameambiwa amuulizie mzee mwenye gunia moja na asiye na simu kila kizuizi atakachofika. Ulisema niendelee kuandika. Naandika.

Mama alihema. Ilichukua siku nyingi kabla ya kuhema bila mimi kuamka. Ilipofika katikati ya Julai alikunywa uji wote wa Mama Hortense, akasema una chumvi kidogo, na Mama Hortense alipoambiwa alikaa kwenye ngazi yake akalia.

Barua yako nilimpa. Aliisoma mara moja. Alisema, "Baba yako aliogopa." Kisha akaiweka chini ya mto, mahali ilipokuwa ile karatasi ya maabara. Hajaitaja tena, na mimi sijauliza.

Pua yangu ilirudi kabla ya yake. Unajua ilirudi na nini? Na barua hiyo hiyo. Siku moja nilipokuwa natandika kitanda niliinua mto, na kitu kikanigusa puani, kidogo sana, kama mtu anayeita kutoka mtaa wa tatu. Chumvi, moshi, samaki. Nilikaa chini na barua yako usoni. Nimekuwa nikisomea barua zako nje miaka yote hii. Hiyo niliisoma tena ndani, mlango umefungwa.

Shangazi Yasmine alipata tarehe nyingine, jana Jumatatu. Kwa hiyo Jumanne iliyopita tulirudi maabara, foleni ile ile, muuguzi yule yule. Safari hii nilimwambia kabla hajauliza. Nilisema mama hawezi kuinua kichwa peke yake, kuna uvimbe, mimi nitamshika. Sauti yangu ilitetemeka lakini ilisikika. Akasema, "Merci, mademoiselle." Karatasi ikatoka négatif. Mama hakuibusu. Alisema, "Tutaona," akaenda moja kwa moja stoo kufungua gunia. Alitoka akipiga chafya. "Iko pale," alisema. "Yote iko pale."

Nguo tulizifua upya na nikazinusa upya. Niliikataa sweta, nilizikataa soksi, vitenge nilivirudisha mara mbili, mpaka mama akasema afadhali wakati ule nilipokuwa sina pua. Lakini kitenge kimoja, kile cha juu alichokinusa Mama Hortense, alikataa kisifuliwe. Alikiviringa, akakifungia ndani ya mfuko wa plastiki, ule wangu wa sare, akakiweka chini kabisa ya sanduku. Nilimwuliza ni cha nini. Akasema karatasi inazeeka njiani. Kila asubuhi huko Nairobi, kabla daktari hajamgusa, atafungua mfuko na kunusa. Siku asiposikia kitu atamwambia daktari asimkaribie.

Ijumaa aliondoka. Uwanjani haturuhusiwi kuingia bila tiketi, tukabaki kwenye uzio, mimi na Mama Hortense. Mama aligeuka mara moja tu, akagusa pua yake kwa kidole.

Usiku filimbi haipo na bado naamka.

Jana tulikaa na simu siku nzima. Shangazi alipiga saa ya adhuhuri kusema ameingizwa. Alipiga jioni kusema ametoka, uvimbe umeondolewa wote, anapumua, lakini hataweza kusema kwa muda, kwa sababu ya kidonda cha koo. Nilimwambia shangazi asante. Nilitaka kusema zaidi, unanijua.

Leo asubuhi, kabla sijaenda shule, simu ilitikisika. Ni ujumbe kutoka namba ya shangazi, lakini si shangazi aliyeandika. Una neno moja. Nakunakilia kama lilivyo, ili nawe ulibebe njiani:

"Inanuka."

Binti yako,
Rachida